Nani anaruhusiwa kubisha hodi kwa jaji? Sheria za bunduki za majimbo ya Marekani, tuzielewe alafu tuziunge mkono

Kila ikitokea habari ya mtu kafyatua risasi shuleni au supamaketi huko Marekani, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili yanajaa swali lile lile, hivi Rais wao anashindwa nini kupiga marufuku hizi bunduki yakaisha? Na hata ndugu zetu wanaoishi huko huko, wa Portland, wa Louisville, wa Columbus, wa Dallas, wengi wanaamini hivo hivo, kwamba hii ishu iko Washington, wao wanasubiri tu. Mimi nasema hapana. Sehemu kubwa ya sheria zinazoamua nani anapata bunduki, anaipata baada ya muda gani, na nani anaweza kumsimamisha mtu aliyechanganyikiwa kabla hajaua au kujiua, zinatungwa kwenye bunge la jimbo, na mbunge ambaye pengine mnakutana naye dukani au mtoto wake anasoma darasa moja na wa kwako.

Makala ni ndefu kidogo, vumilia, maana mambo yenyewe yamefungana.

Juu kabisa kuna Marekebisho ya Pili ya katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Watu walibishana miaka na miaka kama hiyo haki ni ya mtu mmoja mmoja au ya wanamgambo, mpaka 2008 kwenye kesi ya Heller Mahakama ya Juu ikasema ni ya mtu mmoja mmoja, anaweza kuwa na bunduki nyumbani kwake ajilinde. 2010 wakasema hiyo inayabana na majimbo pia. 2022 kwenye kesi ya Bruen wakaongeza kwamba anayo haki ya kuibeba hata nje ya nyumba, na serikali ikitaka kuweka kizuizi lazima ioneshe kwamba kizuizi cha aina hiyo kina mizizi kwenye historia ya sheria za nchi. Kwa hiyo anayesema "wapige marufuku zote" anaongea kitu ambacho kwa sasa mahakama zitakifuta hata kama wabunge wote wangekubali. Kwa sisi tuliokulia Tanzania au Kenya hii inachanganya sana, maana kwetu bunduki ni kibali, unaomba, unachunguzwa, serikali inaweza kukunyima na maisha yakaendelea. Kule imegeuzwa, kuwa nayo ndo kawaida na serikali ndo inatakiwa ijieleze.

Chini ya katiba kuna sheria za shirikisho. Maarufu ni ile ya Brady ya 1993, iliyoleta ukaguzi wa rekodi za mnunuzi, na tangu Novemba 1998 ukaguzi unafanywa papo kwa papo kwenye mfumo wa FBI. Lakini sheria hiyo inamlazimisha muuzaji mwenye leseni tu. Mtu wa kawaida akimuuzia mtu wa kawaida bunduki yake ya zamani, sheria ya shirikisho haimlazimishi kumkagua mtu yeyote, labda jimbo liwe limeziba hilo tundu lenyewe. Alafu kuna jingine, FBI wasipomaliza ukaguzi ndani ya siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kuendelea na biashara, na muuaji wa kanisani kule Charleston mwaka 2015 alipata bastola yake kwa njia hiyo.

Baada ya shambulio la shule ya Uvalde, Texas, Mei 2022, ambapo watoto 19 na walimu 2 waliuawa darasani, Kongresi ikapitisha sheria ambayo wengi waliisifu kuwa kubwa kuliko zote kwa karibu miaka 30. Ukiisoma vizuri unakuta haikuleta "bendera nyekundu" ya nchi nzima, yaani sheria ya kumruhusu jaji kuamuru bunduki za mtu aliye hatari zichukuliwe kwa muda. Ilichofanya ni kutenga dola milioni 750 kuyasaidia majimbo yenye programu kama hizo, au yatakayoanzisha. Yaani Washington yenyewe imesema, nendeni mkapiganie makwenu.

Na usifikirie kwamba baraza la jiji lako litakusaidia. Majimbo mengi yameyakataza majiji yake kutunga sheria zao za bunduki, na Maine ni mojawapo. Portland wanaweza kulia wanavyotaka, bila Augusta, kule liliko bunge la jimbo, hakuna kitu. Ndo maana nasema jimbo, jimbo, jimbo.

Sasa twende Maine kwenyewe, maana ndiko somo liko wazi kuliko kwingine, na pia ndiko walipo watu wetu wengi, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma wakatua Lewiston. Kiangazi cha 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walilala ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo pale Portland. Ni jimbo dogo, watu kama milioni moja na laki nne, misitu mingi, kuwinda kulungu ni kama dini, na katiba ya jimbo inasema haki ya raia kuwa na silaha haitahojiwa kamwe. Tangu 2015 mtu wa miaka 21 au zaidi asiye na kikwazo cha kisheria anaweza kubeba bastola aliyoificha bila kibali. Na kwa muda mrefu lilikuwa moja ya majimbo yenye mauaji machache kabisa, kwa hiyo hoja ya wapinzani ilikuwa rahisi, sisi sio Chicago, tuacheni.

Tarehe 25 Oktoba 2023, jioni, mtu mmoja aliingia kwenye ukumbi wa boling Lewiston, alafu akaenda kwenye baa iliyokuwa na mashindano, akaua watu 18 na kujeruhi 13. Wanne kati ya waliokufa walikuwa viziwi, maana jamii ya viziwi ilikuwa imekutana kucheza pale baani. Siku mbili mji mzima ukajifungia ndani mpaka alipokutwa kajiua. Sitamtaja jina, halina faida.

Kilichonifanya niandike haya sio shambulio lenyewe, ni miezi iliyotangulia. Huyu mtu alikuwa mwanajeshi wa akiba. Mwezi Mei 2023, miezi mitano kabla, mtalaka wake na mtoto wake wa kiume walienda kuwaambia polisi kwamba mzee anasikia sauti, anaamini watu wanamsema vibaya, na kachukua bunduki kumi hadi kumi na tano kutoka kwa kaka yake. Julai jeshi lenyewe likampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili jimbo la New York, akakaa kama wiki mbili, akatoka. Septemba mwanajeshi mwenzake akamtumia mkubwa wao meseji kwamba anaamini jamaa atalipuka na kuua watu wengi. Polisi wa kaunti wakaenda kwake, wakagonga, hakufungua, wakaondoka, na wakaridhika na ahadi kwamba ndugu zake watahakikisha bunduki zimewekwa mbali naye.

Soma tena hayo. Familia ilijua. Jeshi lilijua. Hospitali ilijua. Polisi waliambiwa. Na hakuna hata mmoja aliyemfikia jaji kuomba bunduki zichukuliwe.

Hapo ndipo panaingia habari ya bendera. Maine tangu Julai 2020 ilikuwa na sheria inayoitwa bendera ya njano, na ilitokana na maelewano kati ya gavana Janet Mills na chama kikubwa cha wawindaji wa jimbo. Kwa sheria hiyo, familia ikiona mtu wao anakuwa hatari inawaambia polisi. Polisi lazima wamchukue mtu mwenyewe, wamuweke chini ya ulinzi. Alafu mtaalamu wa afya amtathmini, aseme kwamba ni hatari. Ndipo polisi waende kwa jaji, jaji aidhinishe, bunduki zichukuliwe, na ndani ya siku 14 iwepo kesi kamili. Hesabu milango: polisi, daktari, jaji. Ukikwama kwenye wa kwanza umekwama kabisa, na familia haina ufunguo wa mlango hata mmoja.

Bendera nyekundu, ambayo majimbo 21 walikuwa nayo tayari, inafupisha njia. Kwenye mengi ya majimbo hayo mwanafamilia au mtu wa nyumba moja, au polisi (kwingine, kama Florida, ni polisi tu), anaenda moja kwa moja mahakamani na maelezo ya kiapo. Jaji akiona hatari ni ya haraka anatoa amri ya muda, bunduki zinakabidhiwa, kisha mhusika anaitwa, anakuja na wakili akitaka, anajitetea, na jaji anaamua kama amri iendelee, kwa kawaida hadi mwaka mmoja. Muda ukiisha na hakuna aliyethibitisha kwamba hatari bado ipo, anarudishiwa mali yake. Sio kesi ya jinai, na amri yenyewe haimfanyi kuwa mhalifu. Wa kwanza kuwa na sheria ya namna hii walikuwa Connecticut, 1999, baada ya mfanyakazi mmoja kuua wakubwa wake kwenye shirika la bahati nasibu. Indiana wakafuata 2005, na Indiana sio jimbo la waliberali hata kidogo. Florida wakapitisha 2018, wiki chache baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland, na gavana aliyesaini alikuwa Mrepublican.

Baada ya Lewiston, gavana Mills aliunda tume huru, mwenyekiti wake akiwa jaji mkuu mstaafu Daniel Wathen. Machi 2024 tume ikasema wazi kwamba polisi wa kaunti walikuwa na sababu za kutosha kumchukua yule mtu Septemba na kuanza utaratibu wa bendera ya njano, na kwamba kuiachia familia kazi ya kuziondoa bunduki lilikuwa kosa. Hapa kila upande ukachukua kipande chake. Wapinzani wa bendera nyekundu wakasema, si mnaona, sheria ilikuwepo, polisi ndo hawakuitumia, kwa hiyo hatuhitaji nyingine. Na kusema haki hoja hiyo ina uzito, gavana mwenyewe alisimama upande huo, na baada ya shambulio polisi wa Maine walianza kuitumia bendera ya njano mara nyingi mno kuliko zamani. Bunge pia likairekebisha 2024 ili polisi waweze kuomba hati ya mahakama ya kumchukua mtu asiyetaka kufungua mlango.

Lakini mimi hiyo hoja naisoma kinyume. Kama mpango wako wote unategemea kwamba afisa mmoja wa kaunti, Ijumaa jioni, ataamua sawasawa, na asipoamua sawasawa hakuna mtu mwingine anayeweza kufanya chochote, basi mpango una kasoro hata kama yule afisa ni mtu mzuri. Mtalaka na mtoto walikuwa tayari Mei. Wangepewa fomu na karani wa mahakama, wangeijaza. Siwezi kuapa kwamba jaji angekubali, wala kwamba watu 18 wangekuwa hai, ila wangekuwa na pa kwenda.

Wananchi wa Maine nadhani waliona hivo. Bunge lilipokwama watu wakaingia mtaani kukusanya saini. Kule mwananchi anaweza kupeleka muswada mwenyewe, zilihitajika saini 67,682, yaani asilimia 10 ya kura zilizopigwa kwenye uchaguzi wa ugavana uliopita, na muungano wa usalama wa bunduki wa jimbo ukazivuka. Tarehe 4 Novemba 2025 Swali la 2, la kuleta bendera nyekundu, likaenda kwa wapiga kura na likapita kwa takribani asilimia 63. Jimbo la wawindaji, gavana kapinga, chama cha wawindaji kimepinga, na bado limepita. Kumbuka 2016 watu hao hao waliulizwa kuhusu ukaguzi kwa mauzo ya watu binafsi na wakakataa kwa tofauti ndogo. Bendera ya njano haikufutwa, zote mbili zinakaa pamoja, polisi wana njia yao na familia sasa ina yake.

Haya, sasa mashaka, maana yapo na sio ya kijinga.

La kwanza ni haki ya mtuhumiwa. Watu wanasema jaji anatoa amri kabla hajamsikia mwenyewe, je mke aliyekasirika akitunga uongo? Amri ya kwanza ni ya muda mfupi, na kumdanganya jaji chini ya kiapo ni kosa la jinai, unaweza kufungwa. Na sio utaratibu mgeni, amri za kuzuia ukatili wa ndani zimekuwa zikitolewa kwa mtindo huo huo miaka mingi. Mwaka 2024 kesi ya Rahimi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 1 walisema mtu ambaye mahakama imemuona ni tishio kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Hiyo ndo nguzo kubwa ya kisheria wanayoiegemea watetezi wa bendera nyekundu.

La pili ndilo linaloumiza kwenye jamii zetu, na sioni likizungumzwa kwa uwazi. Ni polisi. Mama wa Kikongo ambaye kijana wake kabadilika, haongei, analala na bastola chini ya mto, ukimwambia apige 911 anakumbuka Patrick Lyoya. Mkimbizi kutoka Kongo, miaka 26, Grand Rapids jimbo la Michigan, Aprili 2022, alisimamishwa kwa ajili ya namba za gari, akaishia kupigwa risasi kisogoni na afisa akiwa amelala kifudifudi. Kesi ya yule afisa 2025 iliisha baraza la wazee wa mahakama likishindwa kukubaliana, na hakushtakiwa tena. Wazazi wake walifuatilia hayo yote kwa msaada wa mkalimani wa Kiswahili. Kwa hiyo usije ukamwambia huyu mama kwamba anaogopa bure.

Ninachoweza kusema ni hiki. Chini ya bendera ya njano peke yake, mlango wake pekee ulikuwa huyo polisi anayemuogopa. Chini ya nyekundu anaweza kuanzia kwa karani wa mahakama, mchana, kwenye jengo, na mkalimani anayelipwa na mahakama, maana mahakama zinatakiwa kutoa mkalimani bure na huhitaji kwenda na mtoto wa shemeji akutafsirie siri za nyumba. Ni kweli mwisho wa yote ni polisi watakaopeleka ile amri, hilo haliondoki. Ila wanakwenda na karatasi ya jaji, wameshajua anayeishi mle ni nani na ana hali gani, na unaweza kuandika kwenye maelezo yako kwamba kijana haelewi Kiingereza vizuri, au ana kiwewe cha vita, au kuna watoto ndani. Ni tofauti na askari anayefika usiku baada ya simu ya "kuna mtu ana bunduki". Tofauti hiyo mimi naiona kubwa. Na hapa ndo watu wetu wanatakiwa wawepo wakati kanuni na mafunzo ya polisi yanapangwa, sio baadaye wakati wa matanga.

La tatu, watu wanasema hizi sheria zinawaita wagonjwa wa akili wauaji. Kwa kweli bendera nyekundu haihitaji ugonjwa wowote, inaangalia vitendo, kachora mpango, katishia, kanunua risasi nyingi ghafla, kaanza kuwaaga watu. Bendera ya njano ndo inayolazimisha tathmini ya kitabibu, kwa hiyo ukilitazama vizuri ile ya wapinzani ndo inayofunganisha hatari na ugonjwa kuliko hii.

Tuache mauaji ya watu wengi kidogo, maana hayo ndo yanapata kamera lakini sio ndo yanayojaza makaburi. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza watu kama 46,700 kwa bunduki, na kati ya hao kama 27,300 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Maine, na majimbo mengi ya vijijini, hiyo sehemu ni kubwa zaidi. Kwetu neno kujiua linasemwa kwa kunong'ona, tunasema "aliugua ghafla", tunazika haraka, na mzigo unabaki na mama yake. Ila wanaoshughulika na haya wanajua jambo moja, wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni fupi, linakuja na kupita, na kinachoamua kama mtu atakuwepo kesho ni kilichokuwa karibu na mkono wake saa hiyo. Kwa bunduki, takribani tisa kati ya kumi wanaojaribu wanakufa. Kwa vidonge wengi wanaokolewa, na wengi wa waliookolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Watafiti walioiangalia Connecticut wakiongozwa na Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke walikadiria kwamba kwa kila bunduki zilizochukuliwa kwa watu kumi hadi ishirini, maisha ya mtu mmoja yaliokolewa. (Ukiwa uko huko na mambo yamekuwa mazito, namba 988 inapokea saa zote, mwambie aliyepokea unataka mkalimani wa Kiswahili.)

Ndo maana pia kuna sheria za kusubiri. Maine 2024 iliweka saa 72 kati ya kulipa na kukabidhiwa bunduki, muswada ukawa sheria bila sahihi ya gavana, ukaanza Agosti mwaka huo, na Februari 2025 jaji wa shirikisho akausimamisha kwa hoja ya ile kesi ya Bruen niliyoitaja, jimbo likakata rufaa. Mwaka huo huo wa 2024 gavana alisaini ukaguzi wa mnunuzi kwa bunduki zinazotangazwa na zile za kwenye maonyesho, akaupiga kura ya turufu muswada wa kukataza vifaa vinavyofanya bunduki ya kawaida imwage risasi mfululizo. Kwa hiyo sheria moja inapita, nyingine inakufa, nyingine inaenda kortini. Sio mechi ya dakika tisini.

Kuna na sheria za kuhifadhi, ambazo mimi nadhani ndo rahisi kuliko zote kuzielewa na zinatugusa moja kwa moja. Tangu 2020 bunduki ndo imekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana Marekani, imepita ajali za gari. Michigan baada ya shule ya Oxford, Novemba 2021, ambapo kijana wa miaka 15 aliua wenzake wanne na bastola aliyonunuliwa na baba yake, ilipitisha sheria ya kufungia bunduki nyumba yenye watoto, na wazazi wote wawili wa yule kijana walihukumiwa 2024 kifungo cha miaka 10 hadi 15. Wazazi wetu wanaonunua bastola kwa ajili ya kulinda duka au kuendesha Uber usiku, wanaiweka kabatini juu ya nguo, wanadhani mtoto hajui. Mtoto anajua.

Na kwa wasio raia hapa niseme haraka. Mwenye grinikadi sheria ya shirikisho inamruhusu kununua, ila asiye na karatasi haruhusiwi kabisa, na wa viza ya muda kwa kawaida naye haruhusiwi, kuna visamaha vichache tu kama vya leseni ya kuwinda. Ile fomu ya dukani inauliza uraia, ukidanganya umejichimbia kaburi, na kosa la bunduki kwa asiye raia linaweza kumtimua nchini hata kama ana grinikadi ya miaka ishirini. Usisaini kitu kwa sababu rafiki kasema ni fasta tu. Muone wakili.

Wale walioko majimbo mengine msione Maine ni mbali. Texas mwaka 2025 imepitisha sheria ya kukataza amri za namna hii, Oklahoma walitangulia 2020. Tennessee, baada ya watoto watatu na watu wazima watatu kuuawa shule ya Covenant pale Nashville Machi 2023, gavana aliita bunge maalumu, wazazi wakajaa ukumbini wakilia, na mwaka uliofuata bunge hilo hilo likapitisha sheria ya kuzuia miji isiwe na bendera nyekundu zake. Kentucky ndo inanikera zaidi, maana Louisville kuna Wakongomani kibao na Aprili 2023 watu watano waliuawa benki katikati ya mji na mtu aliyenunua bunduki yake kihalali siku chache tu kabla. Seneta Whitney Westerfield, Mrepublican, akaleta muswada wa aina hii 2024, kautengeneza kwa uangalifu ili wawindaji wasiogope. Ulikwama kwenye kamati. Haukufika mbele.

Na kamati ndo mahali penyewe. Watu wengi wanadhani muswada unakufa kwa kupigiwa kura ya hapana, wakati mingi inakufa kwa mwenyekiti wa kamati kutoipangia siku. Kwa hiyo simu yako ya kwanza sio kwa gavana, ni kwa mbunge wako wa jimbo, ya pili ni kwa mwenyekiti wa kamati inayoshughulika na sheria au usalama. Taja namba ya muswada, taja mtaa unaoishi, sema unataka nini, sekunde arobaini zinatosha. Maine kuna wabunge 151 wa baraza la chini kwa watu wale wachache, kila mmoja anabeba kama watu 9,000, simu ishirini za wiki moja kwake ni kelele kubwa. Lewiston ilishamchagua Mana Abdi na South Portland Deqa Dhalac, wote wenye asili ya Usomali, kwa hiyo usiseme kule ndani hakuna anayejua mkimbizi ni nini. Angalia na kalenda, Texas vikao vya kawaida vya bunge ni miaka ya witiri tu, Kentucky linakaa siku 60 mwaka wa shufwa na siku 30 mwaka wa witiri, likishafunga umesubiri mwaka mwingine, na Texas miwili.

Kama wewe ni raia na umejiandikisha, saini na upige kura. Kama sio raia, usiguse karatasi ya kura wala ya saini za kura ya maoni hata mtu akikubembeleza, utajiharibia. Ila kupiga simu kwa mbunge unaruhusiwa. Kuandika ushahidi kwa kamati unaruhusiwa, kusimama mbele yao na kuongea pia. Kule Augusta unatuma kwa mtandao au unakwenda mwenyewe, unataja jina, mji unaotoka, kama unaunga mkono au unapinga, kisha unaeleza yako kwa dakika chache. Uraia hawakuulizi.